Mnaosema komiki za zamani ni ngumi tu: Doom wa 1967 nani alimpiga ngumi?

Wakuu, nimevumilia nimechoka. Tangu Marvel watangaze Julai 2024 kwamba Robert Downey Jr. ndiye atakayemcheza Doctor Doom, lile jambazi la komiki, adui wa kundi la mashujaa wanne liitwalo Fantastic Four, kila mtu humu amegeuka mtaalamu wa Doom. Sawa, furahini. Lakini hii ya kurudia kila uzi kwamba komiki za zamani zilikuwa za kitoto, steringi anarusha ngumi, jambazi anadondoka, mchezo umeisha, mmeitoa wapi? Mmezisoma lini? Ukimbana mtu akutajie toleo, anakuletea kipande cha filamu ya 2007, Fantastic Four: Rise of the Silver Surfer!

Haya, toleo hili hapa. Fantastic Four namba 57 hadi 60, Desemba 1966 hadi Machi 1967, kazi ya mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby. Doom, mtawala wa Latveria, anamkaribisha Silver Surfer, kiumbe wa anga anayeruka juu ya ubao wa fedha, ngomeni kwake na kumlainisha kwa maneno matamu. Surfer wa watu hazijui fitina za binadamu. Anapojisahau tu, Doom anamnyonya nguvu zote kwa mashine na kumpokonya ubao wake. Mtu ana nchi yake, ana maabara, wananchi wanatetemeka wakimwona, na bado hajatosheka. Anataka nguvu zilizotoka kwa Galactus mwenyewe, lile jitu la anga linalomeza sayari, lililompa Surfer nguvu hizo.

Na akishazipata? Anapaa kwenye ule ubao wa fedha, joho la kijani linapepea nyuma, anaitikisa dunia ili kila mtu ajue nani mkubwa. Anawafuata Fantastic Four, yaani mwanasayansi Reed Richards, mkewe Sue, shemeji yake Johnny na Ben Grimm, na kuwachakaza. Ben Grimm, lile jabali, hafui dafu. Halafu hawaui! Anawaacha hai makusudi, waugulie aibu. Huyo ndiye Doom. Kwake kushinda hakutoshi mpaka aliyeshindwa abaki kushuhudia.

Sasa nyie wa "ngumi tu" mnieleze: ngumi zimeshagonga mwamba toleo la 58, hadithi inaendeleaje?

Inaendelea kwa sababu Reed Richards anaacha kushindana naye nguvu. Anaunda chombo kinachoruka na kukirusha kimkabili Doom. Na Doom, kwa kiburi kile, aone kidubwana cha Reed kinamchokoza akiache kiende zake? Thubutu. Anakifukuza juu, juu zaidi, hadi mpakani mwa dunia na anga za mbali, na huko anajibamiza kwenye ukuta. Ukuta gani? Ule aliouweka Galactus katika toleo la 50 kumfungia Surfer asitoke duniani, adhabu ya kuwatetea binadamu. Reed alikuwepo Galactus alipotoa adhabu ile. Doom aliiba nguvu za mfungwa bila kufikiria kwamba mfungwa ana gereza. Nguvu zikamtoka hukohuko juu, zikarudi kwa mwenyewe.

Tena katikati ya yote hayo, toleo la 59, Black Bolt, mfalme ambaye sauti yake ni silaha, anafungua mdomo na kuubomoa ukuta mwingine, ule uliowafungia watu wake, Inhumans. Kirby alikuwa mtu mwingine kabisa, lakini tuyaache hayo, nisije nikatoka nje ya mada.

Turudi kwenye filamu yenu. Wamechukua wizi wa ubao, safi. Halafu wakatupa kila kilichofanya wizi huo uwe na maana. Galactus amekuwa wingu. Ukuta hakuna. Johnny anabebeshwa nguvu za wenzake wote, anazichapa na Doom angani, kisha Ben anammalizia kwa winchi hadi majini. Winchi, jamani! Na Reed, aliyeimaliza kazi hii 1967 bila kumgusa Doom, hapa anamwazima shemeji yake nguvu na kubaki mtazamaji. Kuna DJ mmoja mtafsiri, jina silitaji, akaweka na lake juu: eti huyu jamaa wa chuma hana akili, ana mitambo tu. Watu wamelibeba kama lilivyo, leo wanatufundishia humu.

Doom hana akili? Tangu toleo la 5, mwaka 1962, anatambulishwa kama mwanasayansi aliyesoma chuo kimoja na Reed, na shida yake kubwa ni kwamba hawezi kukubali kuna mtu anayemzidi. Ndiyo maana mtego ule ulimnasa yeye. Ungemtegea jambazi asiye na kiburi angekipuuza kile chombo na kuendelea kutawala dunia.

Najua kuna watakaokuja na povu kwamba Reed alibahatisha. Karibuni, ila leteni namba ya toleo. Mwenye kipande cha TikTok apite kimyakimya. Na mods, safari hii msiuunganishe uzi wangu na ule wa "Superman na Goku nani zaidi".