Login inazunguka bila kufika: forward au redirect?

mgeni_wa_java
Wakuu, heshima kwenu. Nina mfumo wa JSF (zana ya Java ya kutengeneza kurasa za wavuti) kwenye seva ya Tomcat 9. Mtu akiingia, home.xhtml inafunguka vizuri, ila kwenye anwani bado panasomeka login.xhtml. Akibonyeza F5, kivinjari kinamuuliza kama atume fomu upya. Mwenzangu akanishauri niweke filta (msimbo unaokagua maombi kabla hayajafika kwenye ukurasa) yenye sendRedirect, amri ya redirect. Sasa hata ukurasa wa kuingia haufunguki, Chrome inaleta ERR_TOO_MANY_REDIRECTS. Nirudi kwenye forward?

BabuSevleti
Hayo ni matatizo mawili, usiyachanganye. Forward inaishia ndani ya seva: ombi ni lile lile, kivinjari hakina habari kwamba ukurasa umebadilika, ndiyo maana anwani imebaki nyuma. Redirect inakirudishia kivinjari jibu la 302 lenye anwani mpya, nacho kinakuja kupiga hodi upya kwa GET, ombi la kawaida la kufungua ukurasa. Baada ya kuingia, tumia redirect. Kwenye JSF ni mstari mmoja tu:

`return "/home?faces-redirect=true";`

Forward mimi naiweka pale sevleti (msimbo wa Java unaopokea ombi) inapoipa JSP (kiolezo cha ukurasa) data iliyo kwenye request, yaani ombi lenyewe, mfano makosa ya fomu. Ukifanya redirect hapo, data yote imekwenda na maji.

fundi_filta
Nabashiri filta yako umeifunga kwenye `/*`, yaani anwani zote. Asiyeingia anapelekwa login.xhtml, filta inamkamata tena palepale, inampeleka login.xhtml. Hapo hatatoka hadi kesho. Ruhusu hivi:

```
String njia = req.getServletPath();
if (ameingia || njia.equals("/login.xhtml")
    || njia.startsWith("/javax.faces.resource/")) {
  chain.doFilter(req, res);
} else {
  res.sendRedirect(req.getContextPath() + "/login.xhtml");
}
```

Usiache getContextPath (njia ya programu yako): mkwaju (/) wa mwanzo kwenye sendRedirect unahesabiwa kutoka mzizi wa seva, si wa programu yako, utaambulia 404 (ukurasa haupo). Ule mstari wa resource nao ni wa lazima, la sivyo CSS itaombwa, na utakaorudi ni ukurasa wa kuingia.

Na usilinganishe kwa getRequestURI. Mgeni anapofika mara ya kwanza, fomu hubeba `;jsessionid=...` (kitambulisho cha sesheni) mwisho wa anwani, equals inashindwa, anarudishwa. Mtu anaapa neno la siri ni sahihi lakini linakubali jaribio la pili! Mimi hili lilinilaza ofisini siku mbili.

Zuhura_K
Kwa nini mnaandika filta kwa mkono jamani? j_security_check, njia ya kuingia iliyomo tayari kwenye seva, ipo, Tomcat inakumbuka hadi ukurasa alioutaka mtu na kumrudisha hapo.

BabuSevleti
Dada Zuhura, ni nzuri, lakini mtu akiuhifadhi ukurasa wa kuingia kwenye alamisho na kuanzia hapo, Tomcat inamtupia kosa la 400 (ombi baya). Watumiaji wangu wote wanafanya hivyo.

mgeni_wa_java
Imekubali, asanteni sana! Kimebaki kitu kimoja: sesheni ikiisha, vitufe vya PrimeFaces (maktaba ya vipengele vya JSF) nikibonyeza vinakaa kimya tu.

fundi_filta
Hiyo ni ajax, ombi linalokwenda chinichini bila kupakia ukurasa mzima. Inasubiri XML, wewe unaipa HTML ya login. Kwenye else, angalia kama kichwa cha `Faces-Request` ni `partial/ajax`. Kikiwa hivyo, usifanye sendRedirect, weka aina ya jibu `text/xml` kisha andika:

`<partial-response><redirect url="/mfumo/login.xhtml"/></partial-response>`

Badilisha `/mfumo` uweke njia ya programu yako.