Makande, kiburu au wali na choroko: kipi kinamfaa mkimbiaji asiyekula nyama? (Moshi na Arusha)

rau_alfajiri (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Naomba tulinganishe mambo mawili kwa pamoja, maana moja linavuta jingine. Nipo Moshi, uzito kilo 62, nakimbia kilomita 8 mara 3 kwa wiki. Lengo ni kilomita 21.1 za Kilimanjaro Marathon, mwishoni mwa Februari. Sili nyama, samaki wala mayai, maziwa natumia.

Chakula: kati ya makande, kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage) na wali na choroko, kipi kiwe msingi? Mazoezi: niongeze umbali taratibu kwenye tambarare ya Shanty Town, au nipande njia ya Mweka mara kwa mara hata kama ni kilomita chache?

jikoni_kibosho

Vyote vitatu vinafaa, ila kila kimoja kina saa yake. Asiyekula nyama huku kwetu hakosi chakula cha kumjenga; anachokosa mara nyingi ni mpangilio.

Makande ni ya baada ya mbio na ya siku za kawaida. Gramu 100 za mahindi na gramu 100 za maharage, zikipimwa kavu, zinakupa protini kama gramu 30. Tena ni protini iliyokamilika, ukihesabu laisini na methionini, viini viwili vinavyojenga protini: mahindi yana laisini kidogo, maharage yanayo tele, maharage yana methionini kidogo, mahindi yanaziba hapo. Shida ni nyuzinyuzi. Maharage peke yake hapo yana gramu 15 au zaidi, na ukiyala usiku wa kuamkia mbio ndefu, gesi na haja vitakukuta njiani.

Kuyapika: loweka saa 10 hadi 12, mwaga maji yale, bandika maji mapya. Sehemu ya sukari zinazoleta gesi hutoka na maji ya kulowekea, ndiyo maana hayapikiwi. Yachemke kwa nguvu dakika 10 za mwanzo, hasa maharage mekundu, ndipo upunguze moto. Nyanya na limao vitie maharage yakishalainika, kwani uchachu unayachelewesha kuiva. Magadi yanaharakisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1, ambayo mwili unaihitaji kugeuza wanga kuwa nguvu. Aliyeloweka vizuri hana haja nayo.

Kiburu kinakaa katikati. Gramu 300 za ndizi mshare zilizomenywa zina wanga karibu gramu 80, na ukipunguza maharage hadi bakuli dogo tumbo halilemewi. Hicho ni chakula cha mchana wa siku moja kabla ya mbio.

Wali na choroko ndicho chakula cha usiku wa kuamkia mbio: mchele gramu 150 (wanga kama gramu 120), choroko gramu 50 tu, zile za kuparaza zilizotolewa maganda. Mafuta kijiko kimoja. Mafuta mengi yanakaa tumboni, asubuhi unaamka bado umeshiba.

Asubuhi yenyewe, kama unaanza saa 12, kunywa uji wa ulezi saa 10: unga vijiko vikubwa 3, sukari vijiko vya chai 2, pamoja na ndizi mbivu 2. Hapo unapata wanga kama gramu 80. Usitie karanga wala maziwa asubuhi hiyo. Karanga ni nzuri mno kwenye uji wa siku nyingine, lakini mafuta yake yanachelewesha tumbo, na kukimbia na tumbo zito ni kujitafutia kichomi.

njiro_mlimani

Mkuu Kibosho, napingana nawe kidogo kuhusu makande. Tumbo nalo linafundishika. Anayeyala mara 4 kwa wiki hasumbuki sawa na anayeyala mara moja kwa mwezi. Badala ya kuyakataza, ale nusu sahani mchana wa siku moja kabla, mahindi yawe yaliyokobolewa. Ila ajaribu hivyo kwenye mazoezi, asisubiri siku ya mashindano.

Mleta mada, kwa kilo 62 unahitaji protini kama gramu 75 hadi 100 kwa siku. Hesabu ya siku moja: makande 30, wali na choroko (gramu 80 kavu) 26, maziwa kikombe 8, uji 5, karanga za kujaza kiganja 8. Hizo ni 77. Siku ya mbio ndefu ongeza maziwa mgando vikombe 2.

kocha_sakina

Kwenye mazoezi, jibu langu ni tambarare kwanza, mlima baadaye, na mlima wenyewe uwe kwa kipimo.

Pumzi inajengwa na mbio za polepole. Kipimo chake ni mazungumzo: ukishindwa kusema sentensi nzima bila kukata, umezidisha kasi. Katika kila dakika 10 za mazoezi yako ya wiki, 8 ziwe hivyo. Wengi wanakimbia kila siku kasi ya katikati, ambayo inachosha kuliko mbio za polepole na haifundishi kama mbio za kasi. Miguu haipati nafasi ya kupona, na ndani ya wiki chache miundi inaanza kuuma.

Weka siku 4. Siku mbili kilomita 6 hadi 8 za polepole Shanty Town. Siku moja mlima. Jumamosi mbio ndefu, kwa wiki 12 hivi: 10, 11, 12, kisha ushuke 9, 13, 15, 16, kisha 12, 17, 18, 13, na wiki ya mwisho ni mashindano. Zile wiki za kushuka usiziruke. Mapafu na moyo vinazoea upesi kuliko kano na mifupa.

Njia ya Mweka anza nayo wiki ya tatu: pasha moto dakika 15, panda sekunde 60 mara 6, kila mara ukishuka kwa kutembea. Ongeza hadi mara 10. Fupisha hatua, macho mbele mita 10, usiinamie kiunoni. Kuanzia wiki ya saba, pandisha moja kwa moja kilomita 4 au 5 halafu shuka ukikimbia.

Kushuka kunasahaulika sana. Njia ya kilomita 21 inapanda kuelekea Mweka, kisha inarudi mjini kwa mteremko. Aliyejifunza kupanda tu, mapaja yanakaza kwenye mteremko huo, kwa sababu msuli unafanya kazi ya breki huku ukivutwa. Shuka kwa hatua fupi za haraka, usitue na kisigino mbali mbele ya mwili.

Walio Arusha: mji upo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi haifiki 1,000. Kasi ya Arusha itakuwa ndogo kidogo kwa juhudi ileile, msiilazimishe. Mlima mtaupata Ilboru. Ila wakija Moshi Februari wanakutana na joto, kwa hiyo waanze kilomita za mwanzo taratibu kuliko walivyozoea.

mama_themi

Mwanangu mleta mada, angalia pia madini ya chuma. Yaliyomo kwenye maharage, mchicha na mnafu hayaingii mwilini kirahisi kama ya nyama, na chai inayazuia zaidi. Chai inywe saa moja au mbili mbali na chakula. Kwenye sahani kamulia ndimu, au malizia na pera au embe. Vitamini C inayasaidia kufyonzwa.

Ukiona kasi ya kawaida inakuwa nzito kwa wiki mbili tatu bila sababu, omba kipimo cha feritini. Wingi wa damu unaweza kusoma vizuri huku akiba ya chuma imekwisha. Vidonge vya chuma usimeze kabla ya kupima. Na kwa kuwa huli nyama, samaki wala mayai, vitamini B12 yako inategemea maziwa peke yake; vikombe 2 hadi 3 kwa siku, au muulize daktari kuhusu kidonge.

rau_alfajiri

Shikamoo mama, nimekuelewa. Nashukuruni wote. Na njiani je, kwenye mbio za zaidi ya saa moja na nusu?

jikoni_kibosho

Wanga gramu 30 hadi 60 kwa saa. Tende 6 za kawaida zina kama gramu 30. Au changanya maji lita 1, sukari vijiko vya chai 12 vilivyosawazishwa, chumvi robo kijiko, ndimu moja. Kunywa mafunda machache kila dakika 15 hadi 20. Juisi nzito ya miwa au embe ipunguze kwa maji nusu kwa nusu; sukari ikizidi, maji yanavutwa kuingia kwenye utumbo na unaharisha. Anza kula dakika ya 40, usisubiri nguvu ziishe, na zoea kufanya hivyo kuanzia mbio ya kilomita 13.