Mada: Marseille likizo ya Pasaka, tukiwa na mama

Kutoka: Leicester

Assalaam alaykum wote, habari za siku nyingi.

Likizo ya Pasaka ya watoto tunafikiria kushuka Marseille. Tutakuwa mimi, baba watoto, watoto wetu wawili, na mama ambaye atakuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Watoto wana pasi za Uingereza. Sisi wakubwa bado tuna pasi za Tanzania na kibali cha ukaazi cha hapa. Mama ana pasi yake na magoti yake, na hayo magoti ndiyo yanayonipa mawazo kuliko pasi.

Naomba mnisaidie mambo ya viza. Halafu, huo mji una nini hasa kwa watu wasiofuata mvinyo wala disko? Baba watoto ameangalia video za YouTube, sasa anasema Marseille ni risasi tupu.

Kutoka: Utrecht

Waalaykum salaam dada. Nitajibu la viza tu, mengine nawaachia wenyeji.

Kibali cha Uingereza hakikuingizi Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye viza moja. Wewe na shemeji mtaomba viza ya muda mfupi ya Ufaransa mkiwa hapo hapo Uingereza. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na kituo kinachopokea fomu kinaongeza ya kwake. Bima ya safari isiwe chini ya yuro 30,000. Maombi yanapokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, lakini anayengoja hizo siku 15 anajitafutia maradhi ya moyo. Miadi ya Pasaka huisha mapema.

Sasa mama. Akishafika Leicester kwa viza ya matembezi, hahesabiwi kuwa mkaazi wa Uingereza, na kanuni ya Schengen inataka mtu aombe kule anakoishi. Ukiwa na sababu nzito wanaweza kumpokea, ila usipange safari ya familia kwa kutegemea huruma ya dirishani. Aombe Dar kabla hajapanda ndege. Viza ya matembezi ya Uingereza kwa kawaida inamruhusu mtu kutoka na kurudi, hata hivyo isomeni tena kabla ya kukata tiketi.

Mkifikia kwa ndugu badala ya hoteli, huyo ndugu anakwenda manispaa yake kuwatolea cheti cha mwenyeji, wanakiita attestation d'accueil. Si karatasi ya siku moja, aanze mapema. Na msishangae mpakani: siku hizi wasio raia wa Ulaya wanapigwa picha, na waliotimiza miaka 12 wanachukuliwa alama za vidole, hata wenye pasi ya Uingereza. Foleni inakuwa ndefu, kwa hiyo mama awe na maji na kitu cha kutafuna.

Kutoka: Marseille

Mwanangu wa Leicester, karibu sana. Mimi ni mtu wa Unguja, babu zangu ni wa Ngazidja, na mji huu nimeuzoea kama Darajani. Mwambie mkwe wangu kwamba risasi zipo, siwezi kuficha. Ni ugomvi wa wauza madawa, na mwingi uko kwenye maghorofa ya kaskazini ambako mgeni hana shughuli. Huku katikati jihadharini na simu mkononi na mkoba mgongoni. Na kila mtu mzima atembee na pasi yake, kwa sababu polisi wa Ufaransa wana haki ya kukuuliza makaratasi, na sura zetu huulizwa zaidi. Nakwambia ili mama asipate fadhaa.

Sasa nikwambie cha kuona, maana watu wengi huja hapa wakapiga picha bandarini, wakapanda kanisa la Bonne Mère kilimani, wakaondoka. Si vibaya. Basi namba 60 kutoka Vieux-Port, yaani bandari ya zamani, linapanda mpaka juu, ingawa hapo pia kuna ngazi za kumalizia. Ndani mtaona vijimeli vinavyoning'inia darini, vilivyotundikwa na watu wa bahari kwa shukrani. Lakini sisi watu wa pwani tuna jambo letu katika mji huu, na ningeanza nalo.

Nenda makumbusho ya historia ya mji, Musée d'Histoire, nyuma kidogo ya Vieux-Port. Mikusanyo ya kudumu ni bure, Jumatatu wanafunga. Bandari hii waliianzisha Wagiriki kutoka Phocaea, mji wa pwani ya Uturuki ya leo, karibu mwaka 600 kabla ya Masihi, na nje ya makumbusho utaona mawe ya bandari yao ya kale, yaliyofukuliwa 1967 watu walipokuwa wanachimba msingi wa jengo la maduka. Ndani mtafuteni chombo kinachoitwa Jules-Verne 9. Ni mabaki ya mashua ya Wagiriki, zaidi ya miaka 2,500, yaliyopatikana 1993 wakati wa kuchimba uwanja wa Jules-Verne. Mbao zake hazikupigwa misumari. Zimeshonwa! Mimi nilisimama pale nikamkumbuka marehemu babu akitusimulia mtepe, chombo chetu cha kushonwa, na mama yako wa Tanga ataelewa bila kusomewa kibao. Wagiriki walishona kwa nyuzi za kitani, wazee wetu walishona kwa kamba za makumbi ya nazi. Hapa walijenga nakala ya chombo hicho wakaiita Gyptis, ikashushwa majini 2013. Sisi nakala ya mtepe tuliiweka makumbusho ya Beit el Ajaib kule Unguja, na jumba lenyewe likaporomoka sehemu yake mwaka 2020. Basi, niache hayo.

Ukitoka hapo, teremka bandarini asubuhi. Wavuvi wanauza samaki pale pale ukingoni, na mchana wameshafunga. Halafu pandeni kile kivuko kidogo kinachokata bandari kutoka upande wa manispaa. Safari yenyewe ni dakika chache, watoto wanafurahi na magoti yanapumzika. Kinakushusha Place aux Huiles, mahali ambapo zamani mapipa ya mafuta yalikuwa yakipakuliwa. Mafuta ya nini? Ya sabuni. Mfalme Louis wa 14 aliamuru mwaka 1688 kwamba sabuni ya Marseille ipikwe kwa mafuta ya zeituni tu. Karne ya 19 viwanda vilikua, zeituni haikutosha, wakaanza kutafuta mbegu za mafuta duniani kote. Mwaka 1844 Ufaransa na Sayyid Said wakatia saini mkataba wa biashara, na meli za wafanyabiashara wa hapa zikawa zinakuja Unguja kuchukua ufuta, baadaye na mbata. Ufuta wa mrima na mbata za visiwani zikaishia kwenye masufuria ya mji huu. Vibao vya watalii havina habari hiyo.

Sabuni mtanunua, najua. Jina "sabuni ya Marseille" halilindwi na sheria, kwa hiyo nyingi za rangi rangi na harufu ya lavenda zinatoka mbali kabisa. Chukua kipande kisicho na manukato, chenye muhuri wa 72%, cha kijani kama ni ya zeituni, cheupe kama ni ya mawese au mbata, na usome nyuma imepikwa wapi.

Le Panier, mtaa wa kale, ni vichochoro na ngazi, mama hatapenda. Kuna ujanja: ingieni Fort Saint-Jean, bustani zake ni bure, mvuke daraja la juu mpaka paa la makumbusho ya MuCEM, mketi mwangalie meli. Maonyesho ya ndani ni ya kulipia, na Jumanne wamefunga. Upande wa Le Panier karibu na maji mtaona majengo ya baada ya vita. Sababu yake ni hii: Januari 1943 Wajerumani pamoja na polisi wa Ufaransa waliwatoa watu majumbani kwa maelfu, na Februari mtaa ukalipuliwa kwa baruti.

Ng'ambo kidogo ni Joliette. Hapo ndipo zilipoondokea meli za Messageries Maritimes, kampuni ya Kifaransa, zilizopita Suez zikatia nanga Mombasa, Unguja, Komoro hadi Madagascar. Wangazidja wengi walifika hapa wakiwa mabaharia kwenye meli hizo, na leo Wakomoro wa Marseille ni makumi ya maelfu. Wapo wazee waliokulia Unguja, Kiswahili chao safi kuliko cha watoto wetu. Mkipita upande wa kaskazini mtaona barabara inayoitwa Ibrahim-Ali. Alikuwa kijana wa Kikomoro wa miaka 17, alipigwa risasi mgongoni Februari 1995 na mtu aliyekuwa akibandika mabango ya Front National, chama cha siasa kali za kulia, akiwa anakimbilia basi na wenzake baada ya mazoezi ya muziki. Familia na marafiki walidai kwa miaka mingi, na mji ukaibadili jina ile barabara 2021.

Chakula halali si tatizo hapa. Soko la Noailles lina kila kitu, kuanzia bizari na tende mpaka muhogo. Waonjesheni watoto panisse, ni unga wa dengu uliopikwa ukagandishwa, ukakatwa na kukaangwa. Mama atasema ni bajia iliyokosa kitunguu.

Kutoka: Brussels

Shikamoo shangazi. Umesema yote umeruka bouillabaisse! Mtu aende Marseille asile ule mchuzi wa samaki wa zafarani?

Kutoka: Marseille

Marahaba mwanangu. Sijausahau, nimeuruka kwa makusudi. Mezani unaletewa kwanza mchuzi na mkate wa kukausha, halafu samaki wa miambani, na bei ya mkahawa unaojiheshimu ni ya kulisha nyumba nzima. Wengine wanatia mvinyo au pastis, pombe ya hapa, kwa hiyo uulize kabla ya kuagiza. Mimi nanunua samaki wale wale asubuhi, nazi ya kopo Noailles, napika nyumbani. Wao wapike wao.

Kutoka: Leicester

Shikamoo shangazi, na asante kaka wa Utrecht, leo hii nimempigia mama aanze kutafuta miadi Dar. Mawili tu yamebaki. Tufikie mtaa gani? Na ile boti ya visiwani, Château d'If na Frioul, mama ataiweza?

Kutoka: Marseille

Marahaba. Tafuteni nyumba Joliette au karibu na Vieux-Port, na kabla hujalipa mwandikie mwenye nyumba umuulize kama kuna lifti, maana majumba mengi ya zamani hapa katikati hayana. Joliette ina majengo mapya zaidi na tramu. Metro mtaitumia mkiwa bila mama, kwa sababu si kila stesheni ina lifti. Yeye atumie tramu na mabasi. Mkija kwa treni, stesheni ya Saint-Charles ina ngazi 104 za kupendeza sana kwenye picha. Msishuke nazo, chukueni teksi.

Boti inategemea upepo. Mistral ukivuma kutoka kaskazini, If hawashushi watu, na miezi hiyo unavuma mara kwa mara. Tiketi mkate asubuhi ya siku yenyewe, baada ya kuangalia bahari. Kwa mama chagueni Frioul, gatini ni tambarare na mikahawa iko hapo hapo. If ni ngome, ni kupanda tu. Baba watoto awapeleke watoto If, nyinyi mshuke Frioul, mkutane wakirudi. Na mama aje na sweta, hata kama jua linawaka.