Mrejesho: Stempu yangu ya Levanevsky ya mwaka 1935

Ndugu zangu, niliuliza iwapo stempu yangu ya Kisovieti ya kopeki 10, yenye picha ya rubani Sigizmund Levanevsky na maandishi mekundu ya safari ya Moscow hadi San Francisco yaliyoongezwa juu yake, ni halisi. Kwa masikitiko, stempu ni halisi lakini maandishi ni ya kughushi. Mtaalamu aliyeichunguza alinionyesha kwamba muhuri wa posta una tarehe ya Machi 1935, ilhali stempu zenye maandishi hayo zilitolewa Agosti mwaka huohuo. Tena wino mwekundu umepita juu ya muhuri, badala ya kuwa chini yake. Muuzaji amenirudishia fedha, nami nimemsihi asiiuze tena kama halisi.