Picha za miungu watesaji: ziondolewe ukutani?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Wapo wanaosema picha za enzi ya Baroko (sanaa ya Ulaya ya karne ya 17 hivi) zenye miungu wanaotesa na kuteka ziondolewe makumbusho, kwa kuwa zilichorwa kuwafurahisha wenye madaraka. Mimi nakataa, na shahidi wangu ni Jusepe de Ribera.

Ribera alikuwa mchoraji Mhispania aliyeishi Napoli, mji wa Italia uliokuwa chini ya mfalme wa Hispania. Mwaka 1637 alichora kisa cha Wagiriki cha Marsyas, nusu mtu nusu mbuzi, aliyeokota zumari akathubutu kushindana na mungu Apollo mwenye kinubi. Sharti lilikuwa mshindi amfanye mwenzake atakavyo. Baadhi ya masimulizi yanasema Apollo alikipindua kinubi juu chini, akapiga vilevile, kisha akamtaka Marsyas naye apindue zumari. Jamani, zumari utaipulizaje kinyume? Yule alishahukumiwa kabla hajapuliza.

Sasa itazameni picha yenyewe, ile iliyoko makumbusho ya Capodimonte, Napoli. Apollo anachuna ngozi ya mtu aliye hai, uso umetulia kama wa mtu anayemenya chungwa. Marsyas kalazwa chali, kichwa chini, kinywa wazi, na macho yake hayamwangalii Apollo. Yanatuangalia sisi. Kule nyuma wenzake wanaziba masikio. Mchoraji anayemshangilia mungu angetugeuzia macho yale?

Tena si picha hiyo tu. Ribera alichora kwa wino na kwa chaki nyekundu watu waliofungwa kwenye miti, na mwingine aliyening'inizwa kwa kamba, mikono nyuma. Adhabu za hadharani zilikuwa jambo la kawaida enzi zake.

Nakubali kwamba watawala wa Kihispania pale Napoli walikuwa wateja wake. Na kwa Rubens, mchoraji mwingine wa enzi hiyo, nakosa utetezi: katika picha yake iliyoko Munich, Ujerumani, mabinti wa Leucippus, mfalme wa visa vya Wagiriki, wananyakuliwa na wanaume wawili, miili inang'aa, na kitoto chenye mabawa kimeshika hatamu ya farasi kana kwamba ni harusi. Pale ukatili umepakwa asali.

Hata hiyo ningeiacha ukutani, ila maelezo ya pembeni yaseme kweli. Ndipo ninapokwama: kwa Kiswahili, ninyi mngeandika mabinti "wanatoroshwa", "wanatekwa" au "wanabakwa"?