Derek Pringle, mzaliwa wa Nairobi: alikuwa mkali kweli?

mwana_wa_pangani:
Wakuu, salaam. Mzee wangu amekuwa shabiki wa kriketi tangu ujana wake. Anasisitiza kwamba fainali ya Kombe la Dunia 1992, aliyeitikisa Pakistan mwanzoni ni Mwingereza mzaliwa wa Nairobi, Derek Pringle. Nimetazama rekodi zake: mechi 30 za test (zile za kimataifa za siku tano), wiketi 70 (yaani wapigaji aliowatoa), na alama yake ya juu kwa kupiga ni mikimbio 63 (mkimbio mmoja ni alama moja). Sasa huyu ni mchezaji wa pande zote, kurusha na kupiga, wa kusifiwa miaka yote hii?

Tumbo_la_Ova:
Mzee wako yuko sawa kabisa, na rekodi hizo hazikuonyeshi Pringle mwenyewe. Alizaliwa Nairobi mwaka 1958. Baba yake, Don, aliichezea Afrika Mashariki kwenye Kombe la Dunia la kwanza, 1975, na miezi michache baadaye akafa katika ajali ya gari, Nairobi. Derek alikuwa na miaka 17. Miaka saba tu baadaye, 1982, akaitwa timu ya Uingereza akiwa bado mwanafunzi wa Cambridge. Hapo ndipo mzigo ulipoanza, kwa sababu zama zile kila kijana aliyejua kurusha na kupiga alipimwa kwa Ian Botham, nyota wa pande zote wa Uingereza. Nani angevuka kipimo hicho?

Essex, timu yake ya kaunti, walimjua vizuri zaidi. Alikuwa sehemu ya kikosi kilichotwaa ubingwa wa kaunti mara kadhaa, ukiwemo wa 1991 na 1992.

Sasa njoo kwenye fainali yenyewe, Uingereza na Pakistan, Melbourne, Australia. Aliwatoa Aamer Sohail na Ramiz Raja, Pakistan wakawa na mikimbio 24 tu huku wapigaji wawili wametolewa. Kisha akamgonga Javed Miandad mguuni, akaomba lbw (mpigaji atolewe kwa kuuzuia kwa mguu mpira uliokuwa unaelekea kwenye vijiti), mwamuzi akakataa! Miandad na Imran Khan wakajenga ushirikiano wa mikimbio 139. Pringle alimaliza ova zake 10 (kila ova ni mipira sita) akiwa ameruhusu mikimbio 22 tu na kuchukua wiketi tatu. Pakistan walifika 249, Uingereza wakaishia 227. Mimi mpaka leo naamini lbw ile ingepita, kombe lingekwenda kwingine.

kibao_cha_alama:
Na mechi ya Adelaide katika kombe lilelile umeisahau? Hatua ya makundi, Pakistan ileile ilitolewa yote kwa mikimbio 74, Pringle akichukua wiketi 3 kwa mikimbio 8. Mvua ikaivunja mechi, timu zikagawana pointi. Pakistan walimaliza na pointi 9, Australia 8. Bila pointi ile ya mvua, Pakistan hawafiki nusu fainali.

Lakini kwenye test, ndugu, tusimpambe. Wastani wake wa kurusha ni karibu mikimbio 36 kwa wiketi moja. Wa kawaida.

Tumbo_la_Ova:
Wa kawaida, sawa, ila test ya Headingley 1991 isiachwe. Graham Gooch wa Uingereza alipopiga mikimbio 154 bila kutolewa dhidi ya West Indies, Pringle ndiye aliyesimama naye kwa muda mrefu, akapata 27. Wapigaji wengine wakiporomoka vile, hizo 27 ni nyingi. Uingereza walishinda.

mwana_wa_pangani:
Asanteni sana. Nimemsomea mzee yote. Kwenye ile lbw ya Miandad amesema, "Miandad alistahili kutolewa kabisa, mwandikie hivyo huyo ndugu."