Mjadala: Gari lisilo na dereva likiua mtu, nani apandishwe kizimbani?

Kimara_Mwisho:
Wakuu, mdogo wangu aliyeko Phoenix, Arizona, kanitumia video akiwa kiti cha nyuma cha teksi ya Waymo. Usukani unazunguka wenyewe, kiti cha dereva kitupu. Mji ule wananchi wa kawaida wanapanda hivyo tangu Oktoba 2020, na San Francisco milango ilifunguliwa kwa kila mtu Juni 2024. Siulizi kama teknolojia hii ni nzuri au mbaya. Nauliza: likigonga mtu akafa, nani anasimama mbele ya hakimu? Dereva akiua tunamjua, ana jina na ana leseni. Hapa je? Msimamo wangu ni kwamba kampuni ishtakiwe kama dereva anavyoshtakiwa, na leseni yake ichukuliwe. Karibuni.

Fundi_Nakuru:
Kwanza watu waelewe linavyofanya kazi. Juu ya paa kuna lida, inapiga miale ya leza na kupima inavyorudi, usiku na mchana. Kuna rada, kuna kamera pande zote, na kuna ramani ya mji iliyochorwa kona kwa kona kabla gari halijaanza kubeba watu. Tesla wao wameamua kamera zinatosha, na hapo mimi nawapinga. Lakini kompyuta hailewi, haisinzii, haipokei simu. Kenya pekee tunazika zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwa ajali za barabarani, na dunia nzima WHO wanahesabu karibu milioni 1.2. Wanauawa na nani? Na madereva. Tuseme ukweli, udereva ni kazi ya aliyekosa shule. Tukimpa roboti hatujapoteza kitu.

Suka_wa_Bukavu:
Ndugu Fundi, maneno yako ya mwisho nimeyasoma mara tatu. Mi niko naendesha teksi hapa hapa Phoenix, mwaka wa nane sasa. Bukavu nilikuwa mwalimu wa hesabu sekondari, miaka sita. Nilipofika huku diploma yangu hawakuitambua, na watoto wanne hawangojei diploma itambuliwe ndipo wale. Nikashika usukani. Hizo gari nyeupe za kuzungusha kichwa zinanipita kila siku, uwanja wa ndege zipo, hospitali zipo. Zikinikuta kwenye taa najikuta natazama kile kiti kitupu. Sizichukii. Lakini usiniambie kwamba pale hakupotea mtu.

Mama_Nasra:
Nami limenichoma. Baba yangu aliendesha lori Mombasa, Malaba hadi Kampala miaka 27. Foleni ya Malaba alikuwa analala chini ya tela siku tatu, nne. Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye usukani ule, na leo nawafundisha wauguzi. Aliyekosa shule ni yule asiyejua ugali anaokula ulifikaje Nakuru.

Fundi_Nakuru:
Dada, sikumsema baba yako. Wala mwalimu sikumsema. Nimezungumza kwa ujumla.

Mama_Nasra:
Huo ujumla una watu ndani yake.

Tegeta_Kwa_Ndevu:
Mimi nasimama na Fundi na sioni haya. Juzi nimevuka kwenye pundamilia na mwanangu wa darasa la pili. Daladala ikatanua kushoto, ikapita nilipokuwa nimeweka mguu hatua moja nyuma. Konda akatoa kichwa dirishani akanitukana mimi! Mtoto hadi leo akifika pale ananishika mkono kwa nguvu mpaka unauma. Mtu akiniletea roboti Tegeta kesho asubuhi nitampokea kwa ngoma.

Mpare_Mnyamavu:
Mkuu, roboti hiyo itafanyaje kazi Tegeta? Bajaji inakuja upande usio wake, bodaboda tatu zinapita kati, kuna mama na beseni la samaki, na tuta ambalo halikuwepo jana. Gari limefundishwa kungoja hadi njia iwe salama. Litangoja hadi magharibi.

Tegeta_Kwa_Ndevu:
Lingoje! Bora lingoje kuliko linikanyagie mtoto.

Kimara_Mwisho:
Wakuu, swali langu lilikuwa nani anashtakiwa. Tumefika kwenye beseni la samaki.

Jogoo_la_Shamba:
Hilo lilishajibiwa, hakuna anayeshtakiwa. Arizona hiyo hiyo, 2018, gari la Uber lililokuwa linajiendesha lilimuua mama aliyekuwa anavuka na baiskeli. Ndani hamkuwa na mtu, kesi ikafa. Halafu Waymo ikamburuta mwanamke San Francisco, kimya.

Suka_wa_Bukavu:
Ndugu yangu, umechanganya. Hiyo ya 2018 ilitokea Tempe, jirani kabisa na hapa, Machi, usiku. Marehemu aliitwa Elaine Herzberg. Ndani kulikuwa na mtu, msimamizi aliyewekwa nyuma ya usukani ili ashike breki ikibidi, na wachunguzi walisema macho yake yalikuwa kwenye simu. Walikuta pia kwamba mitambo ilimwona yule mama sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Ikawa inabadilisha jibu: kitu kisichojulikana, gari, baiskeli. Kila ikibadilisha inaanza upya kukisia anaelekea wapi. Na breki ya dharura ilikuwa imezimwa kompyuta ikiendesha, ili gari lisishtukeshtuke.
Sasa msikie mwisho wake. Mwaka 2019 mwendesha mashtaka alisema haoni kosa la jinai kwa kampuni. Aliyeshtakiwa ni yule msimamizi, akakiri kosa mwaka 2023, akapewa miaka mitatu ya uangalizi bila kufungwa jela. Waliozima breki hawakuitwa. Aliyeitwa ni mtu wa kwenye kiti, mwenye kazi kama yangu.

Mpare_Mnyamavu:
Na ile ya San Francisco si Waymo, ni Cruise, kampuni ya General Motors (GM). Oktoba 2, 2023. Mwanamke aligongwa kwanza na gari lililoendeshwa na mtu, dereva akakimbia. Akarushwa mbele ya gari la Cruise, likamgonga, likasimama. Halafu likaamua kujisogeza pembeni mwa barabara, kwa sababu ndivyo lilivyofundishwa, na yeye yuko chini. Likamburuta kama mita 6. Kimya hakikuwepo, California waliwanyang'anya kibali mwezi ule ule. Mwaka uliofuata kampuni ikakiri kwamba ripoti iliyopeleka serikalini haikuwa ya kweli, ikatozwa faini ya dola 500,000. Desemba 2024 GM wakaufunga mradi wa teksi.

Fundi_Nakuru:
Mmeona lakini nani alikimbia? Binadamu. Roboti ilibaki pale pale.

Mama_Nasra:
Ilibaki juu yake, Fundi!

Kimara_Mwisho:
Asanteni, sasa tunazungumza. Kwa hiyo kibali kinaweza kuchukuliwa. Lakini dola laki tano kwa kampuni kubwa namna ile ni adhabu au ni nauli?

Bi_Asha_Likoni:
Wanangu, mimi sioni, toka nina miaka kumi na mmoja. Haya nasomewa na simu. Nimewasikiliza wote mnagombana kuhusu dereva, hakuna aliyemtaja abiria.
Likoni mimi nikitoka kwenye feri, makanga mmoja ananijua kwa fimbo yangu. Ananiita "mama", ananishika kiwiko, ananipandisha, na nikishuka ananivusha mtaro. Siku asipokuwepo matatu zinanipita, kwa sababu asiyeona anachelewesha safari. Bodaboda mwingine alinitoza mara mbili akijua noti siioni.
Mwanangu aliniambia huko Marekani wasioona wanazipenda hizo gari, kwamba wanaliita kwa simu, wanalipigisha honi kwa simu hiyo hiyo ili walifuate kwa sauti. Nilifurahi mno. Niende ninapotaka, saa ninayotaka, bila kumwomba mtu! Halafu nikajiuliza, likinishusha ukingoni mwa mtaro nani ataniambia? Nalitaka hilo gari. Na yule makanga namtaka pia. Mkiamua mambo haya msiniamulie mkiwa hamjaniuliza.

Tegeta_Kwa_Ndevu:
Shikamoo mama. Hilo sikuliwaza.

Suka_wa_Bukavu:
Shikamoo mama. Hapa kuna mzee wa dayalisisi, kule kusafishwa damu kwa wagonjwa wa figo, ninayempeleka Jumanne na Alhamisi. Akitoka kule miguu haimbebi. Nazunguka, nafungua mlango, namshika kwapani hadi mlangoni kwake, namngoja apate funguo. Hiyo hailipwi, haiko kwenye programu. Mwezi uliopita binti yake alimwitia gari lisilo na dereva kwa sababu niko na homa. Lilimfikisha salama, sisemi uongo. Akakaa ukingoni mwa barabara dakika arobaini jua la Phoenix likimpiga, hadi jirani alipomwona.
Ndugu Kimara, jibu la swali lako mi sina la sheria. Ninachojua, mwaka 2021 kijana wa baiskeli alinivamia kutoka uchochoroni. Kosa halikuwa langu, polisi waliandika hivyo. Nilishuka, nikapiga magoti kwenye lami, nikamshika kichwa kisitikisike hadi gari la wagonjwa lilipofika. Alikuwa ananiuliza kama atakufa, na mimi namjibu.

Tegeta_Kwa_Ndevu:
Mwalimu, wa kwangu hakushuka. Konda wake alinitukana, yeye akakanyaga mafuta. Usinifanye nimkumbuke kwa wema.

Fundi_Nakuru:
Mzee wa dayalisisi hilo linarekebishika. Kampuni inaweza kuweka mtu wa kumpokea mlangoni.

Mpare_Mnyamavu:
Na huyo mtu atafikaje pale mlangoni?

Fundi_Nakuru:
Kwa gari.

Mama_Nasra:
Fundi, hayo yote tutayajadili. Lakini neno lako la "aliyekosa shule" bado liko pale juu, na mwalimu ameongea mara tatu kwa adabu bila wewe kumwambia kitu. Nakungoja.